Efeso kwa miguu: mwongozo wa siku moja kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka Pasaka ikishapita, simu yangu huanza kupokea maswali yale yale. Mwalimu wa kwaya anauliza kama Efeso iko Ugiriki. Mama mmoja wa jumuiya yetu anataka kujua ibada inaanza saa ngapi kwenye kanisa la Efeso, lile lililoandikiwa waraka. Kijana ambaye ameshakata tiketi ya ndege anauliza kama pale pana pwani ya kuogelea. Nimejibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, nimechoka. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza nitamtumia hii.

Majibu mafupi kwanza. Efeso iko Uturuki, upande wa magharibi, katika mkoa wa İzmir, kama kilomita 3 kutoka mji mdogo wa Selçuk. Ni magofu. Hakuna anayeishi humo isipokuwa paka, nao ni wengi. Bahari ilikuwapo, na Efeso ilikuwa bandari kubwa, lakini mto wanaouita Küçük Menderes uliijaza matope karne baada ya karne mpaka ufuko ukasogea kilomita kadhaa. Ukienda na nguo za kuogelea utazirudisha kavu, labda upitie Kuşadası, mji wa pwani ulio jirani. Na kanisa la waraka halina ibada, halina paroko. Yapo mawe, na ukienda na Biblia mkononi yanatosha.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: si kila jiwe la Efeso ni la Paulo. Paulo alikaa pale katika miaka ya 50, zaidi ya miaka miwili. Sehemu kubwa ya majengo mazuri unayoyaona kwenye picha yalijengwa yeye ameshaondoka, mengine miaka mia baadaye. Nitakuonyesha njiani kipi ni kipi.

Kabla hujaondoka nyumbani

Visa. Uturuki ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Kwa raia wa nchi nyingi za Afrika visa ya mtandaoni ina masharti, mojawapo likiwa ni kuwa tayari na visa au kibali cha ukaazi cha Schengen, Marekani au Uingereza. Soma mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kabla hujampa mtu wa kati hata senti.

Ndege. Utashuka Istanbul, kisha upande nyingine hadi İzmir, uwanja wa Adnan Menderes. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa: ule mpya unaoitwa Istanbul, upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Mtu anaona tiketi ya bei nafuu ya kwenda İzmir, anaikata, hajaona kwamba ndege inaruka kutoka Sabiha Gökçen wakati yeye anashukia kule kwingine. Kati yake ni mwendo mrefu wa barabara, na foleni ya Istanbul haina huruma. Mimi mwenyewe niliwahi kukatiwa tiketi ya namna hiyo na wakala, nikailipia mara mbili. Angalia herufi tatu kwenye tiketi: IST ni kule kupya, SAW ni Sabiha. Zote mbili zisome IST, au acha usiku mzima katikati.

Msimu. Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 35, na magofu hayana kivuli. Ukisema "sisi tumezoea jua la Dar" utajuta, kwa sababu jua la pale linapiga mara mbili: kutoka juu, na kutoka kwenye marumaru nyeupe chini. Miezi ya baridi watu ni wachache, lakini mvua inanyesha na mawe yanateleza kama sabuni.

Fedha. Nenda na dola au euro, ubadilishe kuwa lira kidogo kidogo. Shilingi yako hakuna wa kuibadilisha. Kiingilio cha magofu kwa wageni kinahesabiwa kwa euro na si kidogo: mwaka 2024 kilikuwa euro 40. Nyumba za mteremkoni zina tiketi yake, Basilika la Yohane lina yake, makumbusho yana yake, na Nyumba ya Bikira Maria ina yake. Jumlisha zote ukiwa nyumbani. Nimewaona watu wakigeuzwa langoni kwa sababu walidhani tiketi moja inafungua kila mlango.

Malazi. Lala Selçuk, usilale İzmir. Nyumba za wageni ni nyingi, unatembea kwa miguu kwenda stesheni, makumbusho na kwa Yohane, na asubuhi unafika langoni kabla ya mabasi ya watalii.

Vitu vya kubeba

- Viatu vya soli ya mpira yenye meno. Viatu vya Jumapili viache hotelini.
- Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Ndani ya magofu hakuna duka.
- Kofia yenye ukingo mpana. Mwavuli unafaa pia, hakuna atakayekucheka.
- Kanga moja. Kwa wanaume pia nasema hivyo hivyo. Utaikalia kwenye mawe ya moto, utajifunika mabega kwa Bikira Maria, utajitanda kichwani msikitini.
- Biblia ya karatasi. Simu inakufa chaji saa sita, na kwenye jua kali kioo hakisomeki.
- Noti ndogo ndogo za lira kwa ajili ya basi dogo na choo.

Usiku wa kuamkia safari soma sura tatu: Matendo 18, 19 na 20. Ukiwa na nguvu ongeza Ufunuo 2, aya saba za mwanzo. Maarifa mengine yote utayaokota njiani.

Hatua kwa hatua

1. Toka İzmir kwenda Selçuk kwa treni. Stesheni iko hapo hapo uwanja wa ndege. Ipo treni ya mkoa inayokwenda moja kwa moja hadi Selçuk kwa muda wa saa moja hivi, na ipo ya mjini, İZBAN, ambayo inakutaka ubadilishe Tepeköy. Uliza kwa neno moja tu, "Selçuk?", unyooshe kidole kwenye treni. Tamka "Selchuki" watakuelewa. Na neno la kumaanisha magofu ni Efes. Angalizo: Efes ni jina la bia maarufu ya nchi ile vilevile, kwa hiyo ukiingia mgahawani ukasema "Efes" kwa sauti ya kuuliza njia, utaletewa chupa ya baridi. Ilimpata mzee wa kanisa tuliyekuwa naye. Hatukusimulia tuliporudi.

Ukitoka stesheni tazama juu. Kuna nguzo za mfereji wa zamani wa maji, na kuanzia machipuko hadi kiangazi juu yake wanaatamia ndege korongo weupe. Hao ndio wale wale wanaokuja kwetu wakati Ulaya ina baridi. Huenda mlishaonana Serengeti.

2. Asubuhi chukua teksi kwenda kwa Bikira Maria kwanza. Basi dogo la abiria, wanaloliita dolmuş na ambalo ni daladala kabisa kwa tabia zake, haliendi huko. Patana bei kabla hujapanda, na patana kwa mpango huu: akupeleke Meryem Ana, akusubiri saa moja, kisha akushushe lango la juu la Efeso. Lango la juu liko njiani mnaporudi, kwa hiyo hapotezi kitu. Sema "yukarı kapı", maana yake lango la juu. Usipolisema, atakushusha lango la chini lenye maduka mengi, nawe utaipanda Efeso yote kuelekea juu kwenye jua. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo. Nilifika juu sina hamu hata na Mtume Paulo.

Nyumba yenyewe ni kijumba cha mawe, katikati ya miti, juu ya mlima wanaouita Bülbül Dağı. Unaingia mlango wa mbele, unapita kimya kimya mbele ya altare, unatokea ubavuni. Dakika mbili, tatu, basi. Picha ndani haziruhusiwi. Mishumaa inawashwa nje. Chini kidogo kuna mabomba ya maji ya chemchemi, na ukuta uliojaa vikaratasi na vitambaa vya maombi ya watu.

Je, ni kweli Mama Maria aliishi pale? Swali hili huulizwa na Wakatoliki kwa matumaini na Walutheri kwa kejeli, kwa hiyo acha nilijibu sawasawa. Injili ya Yohane inasema Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa yule mwanafunzi, na mapokeo ya zamani yanasema Yohane aliishia Efeso. Nyumba hii ilitambuliwa mwaka 1891 na mapadre Walazaristi wa İzmir waliofuata maelezo ya maono ya mtawa Mjerumani, Anna Katharina Emmerick, aliyekufa mwaka 1824 bila kufika kule hata siku moja. Yerusalemu nayo ina mapokeo yake, na kaburi lake. Kanisa Katoliki halijatangaza kwamba hii ndiyo nyumba, lakini Mapapa watatu wamefika: Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, Benedikto XVI mwaka 2006. Utakuta pia Waislamu wengi, maana Bibi Mariamu ni wao pia, na wanawasha mishumaa kuliko hata sisi. Kikundi chenye padre kinaweza kuomba nafasi ya Misa, ila muandike mapema. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, watu ni wengi sana.

3. Ingia Efeso kwa lango la juu, uteremke. Kama umeamka mapema, ni saa tatu na nusu hivi. Ukifika langoni utakutana na wanaume wapole wenye sarafu kiganjani, wanasema baba yao amezichimba shambani. Ni za kutengenezwa. Na kama kwa bahati mbaya ingekuwa ya kweli, basi ni mbaya zaidi: kutoka Uturuki na kitu cha kale, hata kigae cha chungu ulichookota, ni kosa la jinai. Usiokote kitu.

Karibu na lango hili kuna jengo la duara lililobomoka linaloitwa Kaburi la Luka. Kuna jiwe lenye alama ya msalaba na ng'ombe dume, ambaye ni alama ya Luka. Mchimbaji Mwingereza wa karne ya 19, John Turtle Wood, aliliona akahitimisha kwamba Luka amezikwa pale. Hakuzikwa. Wataalamu waliachana na wazo hilo zamani, jina likabaki. Piga picha upite.

4. Pita uwanja wa serikali bila kukawia. Hapo juu kuna uwanja wa mikutano, ukumbi mdogo wa baraza, nguzo za hapa na pale. Ni pazuri, lakini mwenye siku moja asimalize nguvu zake hapo. Kilichonivuta mimi ni mabaki ya hekalu la Kaisari Domitiano, upande wa kushoto unapoanza kuteremka. Mji ulimjengea mtawala hekalu angali hai. Mapokeo ya kale yanaweka uhamisho wa Yohane kule Patmo katika utawala wake. Ukisoma Ufunuo ukiwa umesimama pale, yule mnyama anayesujudiwa na mataifa haonekani tena kama fumbo la mbali.

5. Teremka Barabara ya Kureti ukitazama chini. Hii ndiyo barabara ya marumaru kwenye kadi zote. Mawe yamesuguliwa na miguu kwa karne nyingi, yanang'aa, yanateleza. Tembea pembeni. Wazee wapewe mkono.

Kutazama chini kuna faida nyingine. Hapa na pale, kwenye mawe ya njia na ngazi, utaona duara limechorwa kwa ncha ya chuma, limegawanywa vipande vinane kama gurudumu la baiskeli lenye spoku chache. Pitisha kidole polepole. Wengi husema kwamba ndani ya gurudumu hilo zimelazwa herufi tano za Kigiriki moja juu ya nyingine, za neno ichthys, yaani samaki, ambazo Wakristo wa kale walizisoma kama kifupi cha "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi", ingawa huenda mengine yalikuwa ubao wa mchezo tu. Watu elfu wanapita juu yake kwa siku wakikimbilia maktaba.

Njiani utaonyeshwa hekalu la Hadriano na chemchemi ya Trajano. Vyote vya karne ya 2. Utaonyeshwa pia choo cha umma cha mawe chenye matundu kwa safu, na kila kikundi lazima kikae kipige picha. Sawa, kaeni.

6. Lipa uingie nyumba za mteremkoni, kama mfuko unaruhusu. Ziko kushoto, chini ya paa kubwa jeupe, kwa hiyo kuna kivuli, jambo ambalo peke yake lina thamani ya tiketi. Ni nyumba za matajiri wa Efeso: michoro ukutani, sakafu za vijiwe vya rangi, mabomba ya maji. Waongoza watalii wa makanisa hupenda kuziruka wakisema "si za Biblia". Mimi nasema vinginevyo. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa Efeso. Paulo mwenyewe anasema katika sura ya 16 kwamba atakaa Efeso mpaka Pentekoste. Na katika sura hiyo hiyo Akila na Priskila wanatuma salamu pamoja na kanisa lililo katika nyumba yao. Kanisa la Efeso lilikuwa sebule ya mtu. Hatujui ni nyumba ipi, na nyingi ya rangi unazoziona ni za baada ya Paulo, lakini ukisimama kwenye chumba kimojawapo utajua kwa macho yako ibada ile ilibeba watu wangapi: ishirini, thelathini, zaidi ya hapo wanakanyagana.

7. Kwenye maktaba, geuka kulia. Maktaba ya Celsus ndiyo sura ya Efeso. Utaitambua kabla ya kuambiwa. Na hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika: mtu anasimama mbele yake, anapiga picha, anaandika chini, "Hapa ndipo Paulo alifundisha". Haikuwapo. Ilijengwa kama kaburi na kumbukumbu ya gavana Celsus, ikamalizika mwanzoni mwa karne ya 2, miaka sitini hivi baada ya Paulo. Hata huo uso unaouona ulikuwa umelala chini vipande vipande. Waakiolojia wa Austria waliusimamisha upya katika miaka ya 1970.

Sasa geuka kulia, ukiwa unaitazama maktaba. Kuna lango la matao matatu linaloingia sokoni. Lilijengwa na watumwa wawili walioachwa huru, Mazeus na Mithridates, kwa heshima ya Kaisari Augusto na jamaa yake, miaka michache kabla ya enzi yetu. Hilo lilikuwa limesimama Paulo alipoingia mjini. Na soko lililo nyuma yake lilikuwapo, ingawa lilikarabatiwa baadaye. Fundi wa mahema aliyewaambia wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomlisha, kazi yake angeiuzia wapi kama si soko kama hili? Picha yako ipige hapo. Marafiki zako watauliza mbona hukupiga maktaba. Waeleze.

Kwenye ngazi za maktaba mtu alichora kinara cha matawi saba cha Kiyahudi. Sinagogi ambamo Paulo alinena kwa miezi mitatu halijapatikana, wala darasa la Tirano alikohamia baadaye kufundisha. Huu mchoro mdogo ni miongoni mwa dalili chache za Wayahudi wa mji ule zinazoonekana ndani ya magofu. Uliza, utaonyeshwa.

Tahadhari: kwenye njia ya marumaru kati ya maktaba na ukumbi mkubwa wa maonyesho, waongozaji hukuonyesha jiwe lenye mchoro wa unyayo na kichwa cha mwanamke, wakisema ni tangazo la danguro. Hakuna uthibitisho. Ni hadithi ya kuchangamsha watalii, na ikifika kwenye kikundi cha akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, inachangamsha kweli.

8. Kaa ukumbini, usome Matendo 19 kuanzia aya ya 23. Ukumbi mkubwa ulichukua watu wapatao 25,000. Ulikuwapo wakati wa Paulo, japo ujenzi wa kuuongeza uliendelea baadaye. Huu ndio moyo wa safari, usiukimbie. Kaeni chini, mmoja asimame kwenye jukwaa, asome bila kipaza sauti. Demetrio mfua fedha anaona biashara ya vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa mji ule, inakufa. Anawakusanya mafundi. Gayo na Aristarko wanakokotwa humu ndani. Paulo anataka kuingia, wanafunzi wanamzuia. Iskanda anasukumwa mbele, anapunga mkono, wanamzomea. Na kwa muda wa saa mbili umati unapiga kelele, "Artemi wa Waefeso ni mkuu!"

Tulipokwenda na kikundi, aliyesoma alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti ndogo. Nilikuwa nimepanda safu za juu kabisa zilizokuwa wazi. Nilisikia hadi alipolamba kidole kugeuza ukurasa. Hebu fikiria sasa watu elfu na elfu, saa mbili, jina moja.

Wimbo mmoja wa taratibu kwa kawaida hauna shida. Mkipigiwa filimbi na mlinzi, nyamazeni bila kubishana.

Kutoka kwenye viti hivyo tazama mbele. Ile njia pana iliyonyooka ni Barabara ya Bandari, na pale inapoishia kwenye majani ndipo meli zilipofunga.

9. Usitoke kabla ya kufika Kanisa la Maria. Asilimia kubwa ya wageni wanalipita. Liko kaskazini mwa Barabara ya Bandari. Ukikaribia lango la chini fuata kibao cha Meryem Kilisesi. Utakuta kuta ndefu zilizobomoka, kisima cha ubatizo, nyasi, na pengine wewe peke yako. Mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso katika mtaguso mkuu. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, alikataa Maria aitwe Mama wa Mungu, Sirili wa Aleksandria akasimama kinyume chake, Nestorio akashindwa. Kila ukisali "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee", maneno hayo ya katikati yalipiganiwa hapa, na kikao kilikuwa na vurugu kuliko mkutano wowote wa kanisa uliowahi kuuona.

10. Alasiri rudi Selçuk, ukipitia kwa Artemi. Kutoka lango la chini panda dolmuş, au tembea. Kuna njia ya miguu yenye miti. Kando ya barabara ndipo lilipokuwa hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Kuingia ni bure, na utaelewa kwa nini. Imebaki nguzo moja, nayo imeungwa kwa vipande, kwenye bwawa lenye vyura, na korongo ametaga juu yake. Simama dakika tano. Ukitoka kusoma zile kelele za saa mbili, huhitaji mwongozaji hapa.

Kisha makumbusho ya Selçuk, kwa ajili ya sanamu mbili za Artemi zenye vifua vilivyojaa mafundo ambayo wataalamu hawajakubaliana ni nini. Halafu panda kilima cha Ayasuluk, kwenye Basilika la Yohane. Kaisari Yustiniano alilijenga katika karne ya 6 juu ya kaburi linaloaminika kuwa la Mtume, na nguzo nne fupi zinaonyesha mahali penyewe. Nenda saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Ukisimama hapo unaona chini yako msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375, mbele yake nguzo ya Artemi, vyote kwa jicho moja.

Muda ukibaki, pango la Walalao Saba, vijana wa hadithi ya kale waliolala humo miaka mingi, liko karibu na magofu. Waislamu watakijua kisa chake kwa jina la Watu wa Pangoni, katika Sura Al-Kahf. Miji mingine nayo inadai pango hilo, na hili limezungushiwa uzio. Ila kina mama wa jirani wanapika mkate mwembamba wenye jibini, gözleme, na mkate ule hauna mpinzani.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, mabasi ya watalii yamejaa.* Meli zimetia nanga Kuşadası. Kabla hujachagua siku, angalia ratiba ya meli za bandari hiyo. Kama umeshanasa, geuza mpango: anza na makumbusho na Yohane, uingie magofu saa tisa alasiri, baada ya kuhakikisha saa za kufunga.

*Nina mzee asiyeweza kutembea mbali.* Mtoe kwa teksi hadi lango la chini. Kutoka hapo hadi ukumbini ni karibu na ni tambarare. Ataona ukumbi, Barabara ya Bandari na Kanisa la Maria. Wengine washuke kutoka juu wamkute. Kiti cha magurudumu kwenye Barabara ya Kureti usijaribu.

*Nimeshushwa lango la chini.* Usianze kupanda. Chukua teksi nyingine hadi la juu. Mwenye teksi akikwambia lango la juu limefungwa, au kwamba lazima upitie kwanza duka la ngozi la shemeji yake, shuka utafute mwingine.

*Sehemu fulani imefungwa kwa ukarabati.* Hutokea, hasa ukumbini. Kama huwezi kupanda viti, someni mkiwa chini, bado sauti ni nzuri.

*Nina nusu siku tu.* Acha Bikira Maria na nyumba za mteremkoni. Lango la juu, soko, ukumbi, Kanisa la Maria, kaburi la Yohane.

*Nataka makanisa yote saba ya Ufunuo.* Hiyo si siku moja. Smirna ni İzmir penyewe, Pergamo ni Bergama upande wa kaskazini, Thiatira ni Akhisar, Filadelfia ni Alaşehir. Sardi na Laodikia ni magofu. Kodi gari na utenge siku tatu au nne.

*Uwanja wa ndege wamenitupia maji ya Bikira Maria.* Kila safari yumo mmoja. Chupa inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi, iwe ya chemchemi takatifu au ya soda. Ifunge kwa mkanda kwenye kifuniko, itie kwenye mfuko wa plastiki, izungushie ile kanga, uweke kwenye begi kubwa linalopimwa.